Ufipa inayajua matanuru yake; wakunga wake je?

Katika wilaya ya Nkasi mkoani Rukwa, na hapa na pale Sumbawanga vijijini, bado yamesimama matanuru ya udongo yaliyoachwa na wayeyushaji chuma wa zamani. Wenyeji huyaita malungu. Mengine yana kimo cha mita tatu hivi, mapana chini na membamba juu. Udongo wake ulikomazwa na moto, ndiyo maana mvua za miaka mingi hazijaweza kuyalaza yote. Majani yamejiotea humo, mbuzi wanajikuna kwenye kuta zake, na anayepita bila kuambiwa anaweza kudhani ameona kichuguu kilichosahauliwa na mchwa.

Kilichomnasa mwandishi wa makala haya ni namna tanuru lilivyotunzwa wakati lilipokuwa likifanya kazi. Lilitunzwa kama mwanamke. Lilipokamilika lilipambwa na kuimbiwa kama bibi harusi. Bwana wa tanuru alikuja na intangala, kikapu chake cha dawa, na dawa hizo ziliwekwa chini kabisa kabla ya moto kuwashwa, ili tanuru lizae na lizae vizuri. Siku zote za kuyeyusha, wanaume wa kazi hiyo walijitenga na wake zao. Chuma kilichotoka kilipokewa kama mtoto.

Kazi yenyewe ilikuwa ndefu. Udongo ulichimbwa kwenye vichuguu, kwa kuwa udongo wa mchwa hustahimili moto. Kuta zilipandishwa kidogo kidogo, zikaachwa zikauke, zikapandishwa tena, mpaka tanuru likampita kwa mbali mtu mrefu kuliko wote kijijini. Chini kuliachwa matundu kulizunguka, na humo mkapitishwa mirija ya udongo ya kuingizia hewa. Tanuru hili kubwa halikuhitaji mivukuto, urefu wake wenyewe ndio uliovuta hewa kutoka chini kwenda juu. Ndani zilipangwa kuni na mkaa, kisha mawe yenye chuma, kisha mkaa tena, na moto ukakaa humo kwa siku kadhaa huku watu wakikesha nao. Kilichopatikana mwishoni kilikuwa bonge la chuma lililoshikamana na taka zake. Bonge hilo lilipelekwa kwenye tanuru dogo lenye mivukuto likasafishwa, ndipo mhunzi akalipokea na kulifua. Mara nyingi lilitoka likiwa jembe.

Mtu aliyekesha kando ya tanuru akisikiliza moto, akijua lini aongeze mkaa na lini asubiri, mwenye kikapu chake cha dawa na miiko yake, alikuwa mkunga wa chuma. Wafipa hawakuupata mfano huo hewani. Waliona jinsi wanawake wao wanavyojifungua na jinsi wakunga wao wanavyokesha nao, wakaichukua hekima hiyo ya kwenye kibanda cha uzazi wakaipeleka kwenye moto.

Ukunga wa chuma umeandikwa sana. Mwaka 1914 padri mmisionari Wyckaert alichapisha katika jarida la Anthropos habari za wafua chuma wa Tanganyika, wale wa dini ya jadi na wale waliobatizwa. Mwaka 1937 R. C. Greig aliandika juu ya kazi hiyo ya Ufipa katika Tanganyika Notes and Records. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliirudia tena. Mnorwe Randi Barndon aliandika kitabu kinachoihusu, na miaka ya 1990 Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizunguka Nkasi akichimba na kupima mabaki yake kwa utafiti wa shahada ya uzamivu. Tunajua kipenyo cha matanuru, idadi ya matundu, aina ya mawe, na hata jinsi mtindo wa kujenga ulivyobadilika kutoka zama moja hadi nyingine.

Sasa uliza majina ya wakunga watano wa Ufipa. Waliozalisha watu hasa.

Ndani ya mji wa Sumbawanga ipo hospitali ya kanisa inayoitwa Dk. Atiman, jina ambalo wengi huliandika Atman. Angalau tabibu mmoja, basi, hajasahauliwa. Wanaoingia humo kila siku na kadi zao za kliniki hawaoni ajabu kwamba jina hilo si la Kifipa wala la Kibende, wala halifanani na jina lolote la kando ya ziwa. Mwenye jina alitoka mbali sana.

Adrian Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 huko Tundurma, kandokando ya mto Niger, jirani na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto aliibwa na wafanyabiashara wa watumwa, akavushwa jangwa la Sahara, na mwaka 1876 Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, wakamnunua Metlili, Algeria, wakampa uhuru wake. Mwanzilishi wa shirika hilo, Kardinali Lavigerie, alikuwa na mpango wa kuwasomesha udaktari vijana wa Kiafrika waliokombolewa, kisha kuwapeleka katikati ya bara wakiwa matabibu na makatekista kwa pamoja. Atiman akapelekwa kisiwani Malta kusomea tiba. Mwaka 1889 alifika Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, chini ya uwanda wa Ufipa. Aliyetokea Malta akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu hakuondoka tena. Alifanya kazi Karema miaka 67, mpaka alipofariki mwaka 1956.

Miaka hiyo si ya kuisoma harakaharaka. Wakati anafika, ngome ya Karema iliyojengwa mwaka 1879 na Kapteni Cambier, Mbelgiji, ilikuwa imekwisha kabidhiwa kwa wamisionari. Aliwaona Wajerumani wakiitawala nchi, akaona Vita Kuu ya kwanza na Wabelgiji waliovuka ziwa, akaona Waingereza, na akafa ikiwa imebaki miaka mitano tu bendera ya Tanganyika ipandishwe. Meli iliyozinduliwa kwa jina la Graf von Götzen mwaka 1915, ikazamishwa mwaka uliofuata, ikaibuliwa na kupewa jina la Liemba mwaka 1927, ilianza kukatiza mbele ya mwambao ule kwa jina hilo yeye akiwa na karibu miongo minne kazini. Katika muda wote huo palikuwa na ndui, palikuwa na malale, ukoma na homa, na mlango wa kugonga ulikuwa ule ule.

Tunayajua haya kwa sehemu kubwa kwa kuwa Atiman aliyasema mwenyewe. Mwaka 1946, akiwa mzee wa miaka kama themanini, Tanganyika Notes and Records ilichapa maisha yake kwa masimulizi yake mwenyewe. Jambo hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Mwafrika, mtumwa wa zamani, tabibu wa kijijini, anapewa kurasa katika jarida la watawala aseme yeye alivyoyaona. Kila anayeandika habari za tiba magharibi mwa Tanzania huanzia kwenye sauti hiyo, na mwandishi wa makala haya naye ameanzia hapo. Ni sauti ya mtu aliyevushwa jangwa akiwa mtoto, anayewaeleza watu wa nchi nyingine jinsi alivyokuja kuwa wao.

Lakini mtu hatibu peke yake miaka 67.

Atiman alimwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kitawala wa Wabende, watu wa nchi ile ya Karema. Ndoa ile haikuanza kwa utulivu, na haishangazi: mgeni asiye na ukoo, aliyesomea kisiwani kwenye bahari ya mbali, anaingia katika nyumba ya watu wenye nchi yao. Ikatulia, ikadumu, na mtoto wao Joseph akapadirishwa mwaka 1923. Ndoa hiyo ndiyo iliyomwingiza Atiman katika jamii ya Wabende, na kwa njia hiyo katika elimu yao ya miti na dawa. Tabibu wa Malta alikuwa na vitabu na visu vya upasuaji. Elimu ya mizizi na magome ilikuwa ya wenyeji, na mlango wake ulikuwa nyumba ya ukweni. Dawa za boksi zilitegemea msafara uliotembea kutoka pwani miezi kadhaa. Majani yalikuwa nyuma ya nyumba, na mwenye kuyajua alikuwa ndani ya nyumba.

Agnes hakuitwa tabibu. Hakuna jarida lililomwomba asimulie. Alikuwa na umri gani alipoolewa na kijana yule wa kutoka Niger? Nani alikaa na wagonjwa usiku, akawapikia uji, akawasikiliza wanawake ambao wasingethubutu kumweleza mwanamume mgeni kinachowauma? Mama wa padri, mke wa daktari: ndivyo alivyoingia kwenye maandishi, kila mara kwa kupitia mtu mwingine. Jina lake linastahili angalau wodi moja.

Wanawake wengine wa Karema nao wapo pembeni ya picha. Mwaka 1894 walifika Masista wa Mama Yetu wa Afrika, waliozoeleka kama White Sisters, wakawapokea wasichana na wanawake waliokombolewa utumwani, wakafundisha na kuuguza. Na mwaka 1907 Askofu Adolphe Lechaptois alianzisha Karema shirika la masista Waafrika, Masista wa Maria Malkia wa Afrika, ambalo mpaka leo lina mizizi yake katika Jimbo la Sumbawanga. Mabinti wa Kifipa na wa makabila ya jirani waliotoka mashambani waliingia humo, wakajifunza kusoma, kuhesabu matone ya dawa, kufunga vidonda. Mmarekani Kathleen Smythe, mwanahistoria aliyeandika juu ya wanawake wa Karema kati ya mwaka 1894 na 1920 na juu ya familia za Nkasi, ndiye aliyefika karibu zaidi na habari zao. Alikaa na wazee wa Nkasi akawauliza walivyolelewa. Kazi hiyo imechapwa kwa Kiingereza, ng'ambo, na nakala zake haziuzwi stendi ya Sumbawanga.

Utafiti wa namna hii unapendeza, na bado unaacha neno moja likizunguka. Muuguzi wa Afrika Mashariki anakumbukwa lini? Tazama waliokumbukwa. Lucy Lameck, aliyezaliwa Moshi mwaka 1934, alisomea uuguzi kabla ya kuingia TANU na baadaye serikalini. Shule na mitaa imepewa majina ya wanasiasa wa kizazi chake, na yeye yumo katika historia ya siasa. Grace Ogot alizaliwa Asembo, Nyanza, mwaka 1930, akasomea uuguzi na ukunga Mengo, Uganda, kisha katika hospitali ya St Thomas' jijini London, akarudi kufanya kazi na kufundisha Maseno. Alikuwa mama wa watoto wanne. Alipofariki mwaka 2015 alililiwa kama mwandishi na mbunge. Riwaya yake The Promised Land ya mwaka 1966 inahusu mke na mume Waluo wanaohamia Tanganyika kutafuta shamba, mume anaugua ugonjwa ambao hospitali haiuwezi, na inabidi mganga wa jadi aitwe. Ni hadithi ambayo mkunga tu, mtu aliyesimama kati ya wodi na kijiji, angeweza kuiandika kwa utulivu ule. Hata hivyo ukunga wake unatajwa kwenye wasifu kwa nusu sentensi. Wote wawili walikumbukwa baada ya kutoka wodini. Aliyebaki wodini miaka arobaini hana mtu wa kumsema.

Na Ufipa ilitoa wengi waliobaki.

Anayetaka kuwafahamu aanzie shambani, kwa kuwa huko ndiko walikotoka. Uwanda wa Ufipa uko juu, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga wenyewe uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Miti ni michache, kwa hiyo kilimo cha kukata matawi na kuyachoma, kilichozoeleka kwa majirani wa kusini, hakikufaa. Wafipa wakabuni njia yao. Mvua zinapokaribia kwisha, ardhi ingali laini, watu walikata nyasi na magugu wakayakusanya katika duara, kisha wakayafukia kwa udongo mpaka likawa tuta la mviringo linalofika magotini au zaidi. Hiyo ndiyo intumba. Juu yake hupandwa maharage. Ndani, nyasi zinaoza kimya kimya mwaka mzima. Mvua za Novemba na Desemba zinapokuja, tuta linavunjwa, mbolea ile inatandazwa, na ulezi unamwagwa juu yake. Hakuna gunia la mbolea lililonunuliwa. Kilimo hiki kiliwawezesha watu kukaa pamoja katika vijiji vya kudumu karne kwa karne, na ndicho kilicholisha wafua chuma, watawala wa falme za Kifipa za Nkansi na Lyangalile, na wamisionari walipokuja.

Msichana aliyekulia kwenye matuta hayo alijifunza mapema kwamba kazi ya leo inaonekana mwakani. Alijua kuamka kwenye baridi ya Juni, wakati ukungu umelala juu ya mashamba na vidole havikunjiki vizuri kwenye mpini. Alibeba mdogo wake mgongoni huku akipalilia. Alimwona bibi yake akiitwa usiku na kurudi asubuhi amechoka, na nyumba ya jirani ina mtoto mpya au ina msiba.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Baada ya Azimio la Arusha serikali ikageuza uso kuelekea vijijini: zahanati, vituo vya afya, chanjo, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ambapo watu wapatao milioni mbili walijifunza kwa vikundi kando ya redio kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Mkoa wa Rukwa wenyewe uliundwa mwaka 1974. Miaka hiyo hiyo likaja kundi ambalo mwandishi analihesabu kuwa nguzo iliyosahauliwa kuliko zote: wahudumu wa afya ya mama na mtoto. Walikuwa wasichana waliomaliza shule ya msingi, waliochukuliwa vijijini, wakasomeshwa mwaka mmoja na nusu, wakarudishwa vijijini. Hawakuwa madaktari. Walijua kupima mjamzito, kuzalisha, kuchanja, kupima uzito wa mtoto kwenye mzani wa kuning'iniza, na kutambua mapema hatari iliyo juu ya uwezo wao.

Fikiria kazi hiyo kabla ya lami. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, ilipata lami miaka ya 2010 kwa msaada wa fedha za Marekani kupitia shirika lake la MCC. Kabla ya hapo, masika yalikuwa yakiufunga uwanda huu. Vijiji vya bonde la Rukwa viko chini ya ukingo mkali wa mlima; vya mwambao wa Tanganyika, kama Kala na Kirando, vilitegemea mitumbwi na ratiba ya Liemba. Mama aliyetokwa damu usiku katika sehemu kama hizo alikuwa mikononi mwa msichana mmoja aliyekulia kwenye matuta ya ulezi, taa ya chemli, na ndoo ya maji ya moto.

Damu ndiyo adui mkubwa. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua kunaweza kumwua mwanamke mwenye afya njema kwa saa chache. Leo kanuni inataka mkunga amchome mama sindano ya oksitosini ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, kondo litoke vizuri, mfuko wa uzazi ukaze, damu ipungue. Dawa hiyo hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Zahanati isiyo na umeme wa uhakika ina dawa kwenye daftari na haina dawa kwenye chupa, maana iliyopata joto hupoteza nguvu. Mkunga anayejua hilo huwa na mkono juu ya tumbo la mama, anasugua, anasikilizia kama mfuko umekaza kuwa mgumu au bado ni laini, huku jicho liko kwenye kitambaa chenye damu. Mtoto naye ana hatari yake kwenye uwanda huu wa juu. Baridi ya Sumbawanga usiku wa Julai inaweza kumwua mtoto njiti bila kelele, kwa hiyo akaushwe mara moja, alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, afunikwe, avikwe kofia. Kuosha kunaweza kusubiri.

Ujuzi huu haupo kwenye cheti peke yake. Upo kwenye kiganja cha mtu aliyesugua matumbo maelfu, na mtu huyo akifa unaondoka naye.

Mambo yamebadilika, na haki itendeke kwa kusema hivyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba nusu ya waliojifungua Tanzania walijifungulia kwenye vituo vya huduma. Mwaka 2015/16 ilikuwa asilimia 63, na mwaka 2022 asilimia 81. Vifo vya uzazi vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 vilikadiriwa kuwa 104 katika ule wa 2022. Mfumo wa m-mama ulipanuliwa kitaifa kuanzia mwaka huo huo, na familia inaweza kupiga namba 115 bila malipo kuomba usafiri wa dharura. Wanaotangaza takwimu hizi hupiga picha na magari ya wagonjwa na majengo mapya. Hayo yote ni mema. Lakini asilimia 50 ya mwaka 2010 ilishikiliwa na nani, na kwa mshahara gani? Waliojifungulia nyumbani mwaka ule walisaidiwa na nani, na ni wangapi kati ya wasaidizi hao walikuwa wauguzi wastaafu walioamshwa usiku wa manane na majirani?

Yupo atakayesema kwamba majina yao yameandikwa. Baraza la Uuguzi na Ukunga lina orodha ya waliosajiliwa, halmashauri zina mafaili ya utumishi, masista wana vitabu vya shirika lao. Ni kweli. Faili linasema aliajiriwa lini, akahamishwa wapi, akastaafu lini. Haliwezi kusema alifanya nini usiku ule barabara ilipokatika. Haliwezi pia kusema alivyowalea watoto wake mwenyewe akiwa na zamu ya usiku, nani alinyonyesha mwanawe, shamba lake la maharage lililimwa na nani.

Wafipa waliposimama mbele ya tanuru walijua kwamba kuzaa ni kazi yenye ustadi, yenye miiko, yenye dawa na yenye mtu wa kukesha. Walilipa tanuru heshima ya bibi harusi. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalipojaa madukani moto ukazimika, na wasomi wakaharakisha kuja kupima kuta kabla hazijaanguka. Walifanya vyema. Kwa wakunga hatujafanya hata nusu ya hiyo, na wakunga hawasubiri kama udongo uliochomwa.

Hesabu ni rahisi. Msichana aliyemaliza darasa la saba katikati ya miaka ya 1970 akapelekwa kusomea afya ya mama na mtoto alizaliwa karibu na mwaka 1960. Utumishi wa umma humstaafisha mtu akiwa na miaka 60. Wa kundi la kwanza wamesharudi nyumbani, Laela, Matai, Namanyere, Chala, Mtowisa, na wengi wao wanalima. Walio hai wana nguvu ya kusimulia. Waliowatangulia, masista na wauguzi wa miaka ya 1950 na 1960, ni wachache na wana umri mkubwa.

Kwa hiyo ombi la makala haya linaelekezwa kwa watu wanaojulikana. Hospitali yenye jina la Atiman iandike pia jina la Agnes Wansahira mahali ambapo wajawazito watalisoma. Jimbo la Sumbawanga na Masista wa Maria Malkia wa Afrika wafungue vitabu vyao na kuchapa kwa Kiswahili maisha ya wauguzi wao wa mwanzo. Halmashauri za Rukwa, Mei 12 ijayo, Siku ya Wauguzi, ziwaite wastaafu waketi mbele na wapewe kipaza sauti kabla ya mgeni rasmi. Na wewe ambaye mama yako, shangazi yako au bibi yako alikuwa nesi wa zahanati, simu yako ina kinasa sauti. Mwulize alizaliwa wapi, alilima nini, mtoto wa kwanza aliyempokea alikuwa wa nani, na ni usiku gani ambao hajawahi kuusahau. Fanya hivyo kabla ya mavuno yajayo.